Mama, hadithi unayosoma usiku ina mwenyewe

SEHEMU YA 1

Leo siongelei kunyonyesha wala chanjo. Wale mlionizoea kwa masomo ya kliniki mnivumilie, ingawa mkifika mwisho mtaona na kliniki imo. Posti ni ndefu, nimeigawa sehemu sita, na zote nimeziweka leo leo. Hakuna "itaendelea", hakuna "lipia buku uone mwisho". Sababu utaijua.

Mnajua mimi ni nesi. Wachache mnajua kwamba naandika pia hadithi. Naandika kwenye simu: nikitoka zamu ya usiku, kwenye mwendokasi kama nimebahatika kupata siti, au nyumbani mtoto akishalala. Mwaka juzi niliandika simulizi ya sehemu ishirini kuhusu Mwajuma, binti anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo, aliyebeba mimba ya kwanza bila mama wala shangazi wa kumwelekeza. Niliiweka Facebook, bure. Kwenye sehemu ya kumi na nne mimba ina miezi minane, kichwa kinamgonga siku ya pili sasa, macho yanaona ukungu, uso umevimba, na mama mwenye nyumba anamwambia alale tu kitapoa. Jirani anamkokota kwenye bajaji mpaka hospitali. Anakutwa na presha ya juu, anachomwa dawa, anapona. Sehemu ile niliifuta na kuiandika upya mara nne. Nilitaka iwe hadithi, isiwe bango la ukutani kliniki, ila mama akimaliza kuisoma zile dalili zibaki kichwani kwake.

Sasa siku moja niko wodi ya wazazi, asubuhi, napita na kipimo cha presha. Kitanda cha pembeni kuna mama kajifungua usiku wa jana, mtoto kalala kifuani, yeye anasoma simu huku anatabasamu peke yake. Akaniambia, "Sista, hii ya Mwajuma umeisoma? Tamu huyo!"

Moyo ulinilipuka kwa furaha, nisiseme uongo. Nikajikaza. "Ya nani hiyo?"

"Sijui. Wameirusha kwenye grupu."

Nikaomba niione. Jina langu halipo. Juu limeandikwa jina la ukurasa mmoja mkubwa, na chini: sehemu zilizobaki shilingi 1,000, tuma kwa namba hii. Nikashuka mpaka ya kumi na nne. Mwajuma haendi hospitali. Anapelekwa kwa mganga, anafukizwa, kumbe ana shetani aliyetumwa na mke mwenzake, shetani akitoka na kichwa kinapona. Katikati wameingiza mambo ya chumbani ambayo sikuyaandika.

Yule mama akaniuliza kwa nia safi kabisa: "Hivi sista, kumbe kifafa cha mimba ni shetani kweli?"

Nilikaa pembeni ya kitanda nikamweleza mpaka akaelewa. Lakini grupu lao, alivyoniambia, lina watu zaidi ya mia mbili. Hao wengine nani amewaeleza?

SEHEMU YA 2

Mtoto akizaliwa, kabla hajatolewa chumba cha kujifungulia tunamfunga utepe mkononi wenye jina la mama yake. Mama hata awe peke yake siku hiyo, utepe tunafunga. Utepe ukidondoka hatusemi "ah, mtoto si yupo tu, mzuri, ana afya". Tunasimama, tunatafuta, tunahakikisha. Kwa sababu mtoto asiye na jina la mama anaweza kuchukuliwa na yeyote, na likimtokea la kumtokea hakuna wa kuulizwa.

Hadithi nayo iko hivyo. Jina la mwandishi pale juu halikai kwa ajili ya kujidai. Linakuonyesha wa kumuuliza. Msomaji akishangaa kuhusu shetani na kifafa cha mimba, angeniandikia inboksi na ningemjibu usiku huo huo. Nikikosea dawa kwenye hadithi, nesi mwenzangu angenisahihisha hadharani na ningerekebisha. Yule aliyebadilisha sehemu ya kumi na nne hana wa kumuuliza. Ana namba ya kupokelea hela tu.

Sasa mtasema, sista, wa kulaumiwa ni mwizi. Ndiyo, na nimeshamsema. Lakini mwizi alikata jina mara moja. Hadithi ilifikaje kwenye simu ya yule mama? Mmoja alikopi, akabandika kwenye grupu la kanisa au la kikoba. Mwingine akairusha kwa wifi yake. Wifi akairusha kwa mashoga zake wa saluni. Mikono yote hiyo ni yetu sisi akina mama, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Hivi huyu aliyeandika ni nani?"

Na mimi nimo. Nikiwa chuoni tulikuwa tunapokezana bwenini kitabu kimoja cha fotokopi, hakina jalada, kurasa za mwanzo hazipo. Nilikisoma usiku mmoja mpaka alfajiri, kesho yake nikasinzia darasani. Sikuuliza ni cha nani. Miaka baadaye nakipita kitabu kwenye meza ya muuza vitabu vya mtumba mjini, nafungua, ni maneno yale yale: Dar es Salaam Usiku, cha Ben Mtobwa. Nikasema huyu nitamtafuta nimshukuru. Alikuwa ameshafariki tangu 2008. Mtu alinikesha usiku mzima, na hata jina lake sikuwa nalijua.

SEHEMU YA 3

Kuna watu wanapenda kusema Watanzania hawasomi. Ukitaka kumficha mtu kitu, weka kwenye maandishi. Wanasema wakicheka, kama vile ni sifa.

Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa foleni ya kliniki. Njoo Jumatatu saa mbili asubuhi, benchi limejaa, kila mmoja na kadi yake mkononi, na nusu yao vichwa viko kwenye simu. Chungulia, wala hutaona picha. Utaona mistari. Njoo Kariakoo saa tisa mchana, biashara imelala, jua kali, mama muuza madera kakaa kwenye kigoda anasoma simulizi mpaka mteja anamgusa bega. Tunasoma sana. Tunasoma kimyakimya, kwa kuibia dakika, na ndiyo maana hatuhesabiwi.

Na si mambo ya juzi. Miaka ya 1970 na 1980 watu waligombania vitabu vya Elvis Musiba na Willy Gamba wake. Baadaye Eric Shigongo, yule aliyeingia bungeni mwaka 2020, alikuwa akiandika hadithi za mfululizo kwenye magazeti ya Global Publishers. Mama yangu hakuwa na habari na siasa za ukurasa wa mbele. Alikuwa anafungua moja kwa moja kwenye hadithi, akimaliza anafungia vitumbua. Gazeti likipita siku yake bila kununuliwa, tunatumwa kwa jirani kuazima.

Halafu intaneti ikaja. JamiiForums ilianza 2006, na mle watu wakaanza kumwaga hadithi usiku kucha. Mwaka huo huo huko Canada ilianzishwa Wattpad, ambayo nayo ina hadithi za Kiswahili. Zikaja blogu. Mwaka 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa leseni, na kwa ada za wakati ule ukijumlisha maombi, leseni na malipo ya mwaka ilizidi shilingi milioni mbili. Nesi wa diploma anaitoa wapi? Blogu kadhaa zilifungwa. Waandishi wengi leo utawakuta Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, kuanzisha ni bure na msomaji hahitaji bando kubwa.

Kwa hiyo wasomaji wapo, na hadithi zipo. Kinachokatika ni kamba kati yao. Msomaji hamjui aliyeandika, na mwandishi hajui kama alisomwa. Mimi nilihesabu laiki kumi na tisa kwenye sehemu ya kumi na nne nikadhani nimesomwa na watu kumi na tisa. Kumbe watu mia mbili walikuwa wanaisoma kwenye grupu nisilolijua, ikiwa imeshaharibiwa.

SEHEMU YA 4

Nilipowaeleza waandishi wenzangu yaliyonikuta, nilipewa ushauri wa aina mbili. Yote miwili nimeikataa, na nawaambia kwa nini, maana najua humu ndani wapo mabinti wanaoandika.

Ushauri wa kwanza: "Weka chumbani, dada. Bila chombezo hupati mtu." Sikatai kwamba zinavuta watu. Ajali nayo inavuta watu pale Msimbazi, barabara inajaa, lakini dakika ishirini baadaye kila mtu kaondoka na hakuna anayemkumbuka dereva. Mimi si mlokole wa hadithi. Watu wazima wanapendana, na hadithi inaweza kusema hivyo. Ninachokataa ni kulichomeka pale ambapo hadithi haikuliomba, kwa hofu kwamba mama wa Buguruni hawezi kusoma kurasa mbili bila mtu kuvua nguo. Hiyo ni dharau kwa msomaji. Na simu hizi tunasoma na watoto pembeni. Mtoto wa darasa la tano anashika simu ya mama yake kucheza gemu, anakutana na nini?

Ushauri wa pili: "Mkate roho. Sehemu ya kwanza mpaka ya sita bure, ya saba pale pistoli inapotolewa unamwambia alipie." Hapa nataka nieleweke. Sina ugomvi na kulipwa. Nina ugomvi na kutegeshea watu. Gazeti la mama yangu lilikuwa linakata hadithi kila toleo, kweli, lakini bei iliandikwa juu, jina la mwandishi limeandikwa, na alijua tangu mwanzo kwamba ataendelea kununua. Huyu wa leo anakwambia "bure", unampa usiku wako sita, halafu wa saba anakushika koo. Msomaji aliyeshikwa koo atafanya nini? Atatafuta mwenye nakala ya kukopi. Tunawafundisha wenyewe kuiba, kisha tunalia tumeibiwa.

Mnaikumbuka ile filamu ya After, ya mwaka 2019, iliyowaliza mabinti? Ilianza kama hadithi Wattpad mwaka 2013. Anna Todd, Mmarekani, aliiandika kwa simu yake, sura baada ya sura, wasomaji wanasoma bure na kumwachia maoni. Mwaka 2014 ikawa kitabu. Hadithi yenyewe uipende usiipende, mimi kuna mahali ilinikera. Lakini jina alilokuwa akilitumia mle Wattpad lilikaa na hadithi yake, na wasomaji walimtaja wao kwa wao. Alipopata mchapishaji, walikuwa wanajua wanakwenda kununua kitabu cha nani. Sisemi ukiandika Facebook utapigiwa simu na Hollywood. Nasema jina lisiloondolewa ndilo lililobeba vyote vilivyofuata.

SEHEMU YA 5

Najua majibu yenu, nimeyasikia wodini na inboksi.

"Sista, hatuna hela." Naelewa. Nami naishi mji huu huu, najua kilo ya sukari na nauli za watoto wa shule. Sikuombi buku uliyoitenga ya maziwa. Kumtaja mwandishi hakuna makato. Kurusha kiungo cha posti yake badala ya kukopi maneno hakuna makato. Na siku ukiwa na jero ya ziada, ile unayompa binti kwenye komenti kwa maneno ya "nakupenda bure", jaribu kumtumia. Mia tano za wasomaji thelathini ni bando la mwezi la mwandishi.

"Nasoma kwa siri, mume wangu hapendi." Sawa. Basi mwandikie inboksi. Mstari mmoja: "Nimesoma mpaka sehemu ya tisa, nililia pale kwa bibi." Hujui mstari huo unamfanyia nini mtu aliyekaa macho saa nane za usiku akijiuliza kama anaandikia ukuta.

"Si iko mtandaoni, ni ya wote." Hapana. Nguo ikianikwa kwenye kamba barazani haijawa ya mpita njia. Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kazi yako inalindwa tangu ulipoiandika, hata kama hujaisajili popote, na una haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye mwandishi. Ipo ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ya kupelekea malalamiko. Wengi wetu hatutafika huko, tuna zamu na watoto. Ila ujue tu kwamba unaporusha hadithi iliyovuliwa jina, umeshikilia mali ya mtu.

Na hili la mwisho ndilo linaloniuma. Tunaandika "next" kwenye komenti. "Nxt". "Itaendelea lini?" "Mwandishi unatuchosha." Mtu kakaa usiku kukupa sehemu ya kumi na mbili bure, neno unalompa ni "next", kama unamwita mgonjwa wa foleni. Hata mimi siwaiti hivyo wagonjwa wangu.

SEHEMU YA 6

Sasa tufanye nini. Nasema yale ninayoyafanya mimi mwenyewe.

Wewe unayeandika. Maliza hadithi kwanza, ndipo uanze kuirusha. Mwanzoni kabisa sema ni sehemu ngapi, ni bure au ni bei gani. Andika jina lako na namba ya sehemu juu ya kila posti, na jina lingine liweke katikati ya maneno, mwizi mvivu hasomi mpaka katikati. Chagua siku zako na usizivunje. Mimi ni Jumanne na Ijumaa, saa tatu na nusu usiku, watoto wameshalala na vyombo vimeshaoshwa. Soma hadithi za wenzako na uwaachie maoni ya kweli, wasomaji wao watakuona. Kabla ya kurusha, msomee mtu mmoja kwa sauti. Mimi namsomea mama lishe anayetupikia karibu na kazini. Akiacha kukoroga ugali, najua imeshika. Na andika unapopajua. Kariakoo ina hadithi kila mlango, usihangaike na majumba ya Dubai uliyoyaona kwenye tamthilia.

Wewe unayesoma. Kabla hujarusha, uliza ni ya nani. Kama haina jina, chukua mstari mmoja uutafute Facebook, mara nyingi utampata mwenyewe. Rusha kiungo. Ukikuta ukurasa unauza kazi ya mtu, mjulishe mwenye kazi na uuripoti. Ukimaliza hadithi andika sentensi moja yenye maana, hata kama ni ya kukosoa. Na kwenye grupu lako la kikoba, pale mnapobandika orodha ya michango, bandikeni pia majina matatu ya waandishi mnaowasoma. Majina tu. Mtaona wenyewe jinsi yanavyosambaa.

Hadithi ya Mwajuma nimeirudisha upya kwenye ukurasa huu, sehemu zote ishirini, bure. Ya kumi na nne iko kama nilivyoiandika. Kwa asiyetaka kuisoma, nampa hapa hapa bila hadithi: mama mjamzito, au aliyejifungua ndani ya wiki sita, kichwa kikikuuma sana na hakiachi, macho yakiona ukungu au nyota, uso na mikono ikivimba ghafla, au tumbo likiuma juu chini ya mbavu, nenda hospitali muda huo huo. Inaweza kuwa presha ya mimba, na ndiyo inayoleta kifafa cha mimba. Tuna dawa yake. Usisubiri kesho, usifukizwe kwanza.

Yule mama wa kitanda cha pembeni aliruhusiwa siku ya pili yake. Wakati anafunga kanga za mtoto akaniomba simu yangu, akaingia kwenye ukurasa, akakopi kiungo, akajitumia. Jioni akanitumia picha ya skrini ya grupu lao. Alikuwa ameandika: "Ile ya Mwajuma mwenyewe ni sista aliyenihudumia. Ile ya shetani ni ya uongo, someni hii hapa." Chini yake watu kumi na moja walishajibu. Mmoja, ana mimba ya miezi saba, aliuliza kama kuvimba mikono ni kitu cha kuja kupima.

Nilimjibu aje asubuhi asikose. Alikuja.